Kipimajoto chasema 37, redio yasema 33, simu yasema 30: huko mliko mnasoma ngapi?

Mkaazi_wa_Fuoni

Asalaam aleikum jamani. Mie niko Fuoni, nnacho kipimajoto cha kioo, hichi cha kawaida chenye rangi nyekundu ndani, nimekitundika ukutani uwani na tokea upepo wa kaskazi ushike sawasawa kila baada ya adhuhuri nakichungulia. Leo saa 8 kimesimama kwenye 37. Jioni nasikiliza utabiri redioni naambiwa Unguja joto la juu ni 33. Simu nayo ukiifungua mchana ule ule inakwambia 30, halafu chini yake kwa herufi ndogo imeandika unahisi 38, sasa nnajiuliza hivi vitu vitatu vinazungumzia kisiwa kimoja ama vipi?

La pili ni usiku, na usiku ndio unaonimaliza. Saa 5 usiku uwani 27, chumbani 31, feni inasukuma moto tu, watoto wameshahamia sakafuni na mama yao anasema bora tulale nje mbu watuue kwa haki. Jee nyie wenzangu ndo hivyo hivyo ama Fuoni tu? Nataka khasa mtu wa Mji Mkongwe, mtu wa pwani ya mashariki na ndugu zetu wa Pemba, mseme mnasoma ngapi, saa ngapi, na kipimo mmekiweka wapi. Na Ramadhani ndo hii inabisha hodi, basi mtu akijua lini litapungua anambie, na asinambie inshallah peke yake maana hiyo nami naijua 😂

fundi_bati_mwera

Bati tupu bila dari ama una dari? Nijibu hilo kwanza yakhe. Kama bati tupu jawabu unalo juu ya kichwa chako.

Mkaazi_wa_Fuoni

Bati, dari hatujafika bado fundi, pesa iliishia kwenye nondo.

Mzee_wa_kibanda_cheupe

Wa aleikum salaam. Ndugu wa Fuoni, zote tatu ni kweli ila kila moja imepima jambo lake. Kazi ya kusoma vipimo nimeifanya mpaka nywele zikageuka rangi, niachieni nirefushe kidogo.

Ile 33 ya redioni ni joto la hewa kivulini. Kipimo chake kinakaa ndani ya kibanda cheupe cha mbao chenye luva, yaani vibao vyenye mianya, pande zote, upepo upite jua lisipenye, kimesimama juu ya majani, mita moja na robo mpaka mbili kutoka ardhini, mbali na ukuta na mbali na miti. Unguja kiko uwanja wa ndege Kisauni na Pemba kiko uwanja wa ndege vilevile. Duniani kote wanapima hivyo ili namba ya hapa ilingane na ya Mombasa na ya Muscat. Sasa wewe kipimo chako kinapigwa na hewa, kinapigwa na ukuta uliokula jua tangu asubuhi, kinapigwa na saruji ya uwani, na pengine jua lenyewe linakifikia pembeni. 37 hiyo ni ya uwani kwenu, na usiidharau maana ndiyo mnayoishi nayo, lakini usiilinganishe na ya redio.

Simu haina kipimo cha hewa kabisa, watu wengi hawalijui hilo. Inaletewa hesabu za kompyuta ambazo zimeikata dunia mapande mapande ya mraba, kila pande kilomita kadhaa, na kisiwa chetu upana wake hata 40 haufiki, kwa hiyo mapande mengi ni nusu bahari nusu nchi kavu. Bahari mchana haipandi sana na usiku haishuki sana. Ndio maana simu inakupa 30 mchana na 28 alfajiri wakati wewe alfajiri unaona 25. Ile "unahisi 38" wameingiza unyevu.

Na hapo kwenye unyevu ndipo palipo na mambo. Tafuta vipimajoto viwili vya aina moja, uviweke pamoja kivulini mpaka uhakikishe vinasoma sawa, kisha kimoja kifunge kitambaa cha pamba kilicholowa maji pale chini kwenye tumbo lake, uvipepee kwa nguvu dakika kama 5 mpaka kile kibichi kisishuke tena. Tuseme kikavu kimesoma 33 na kibichi 27. Hapo unyevu ni kiasi cha asilimia 63, na mwili wako unaipokea hiyo 33 kama 40 hivi. Mtu wa Dodoma mwezi wa 10 anaweza kuwa na 33 hiyo hiyo na akakaa chini ya mti akapumua, kwa sababu kwake kile kibichi kingeshuka mpaka 20 au chini zaidi, jasho likitoka linakauka na ngozi inapoa. Kwetu jasho linatoka, linachuruzika, linabaki pale pale. Hari haina pa kwenda.

Feni usiizime. Maadamu hewa ya chumba iko chini ya 35 bado inakusaidia kukausha jasho, hata kama unaona inasukuma moto. Umeme ukikatika ndo utaijua thamani yake, na mwezi huu unakatika wallahi.

BintiPaje

Shikamoo mzee, leo nimesoma kitu. Mie sina kipimajoto cha hewa lakini nina miguu 😅 na nnawaambia maji ya ndani ya mwamba mwaka huu yanachoma. Sisi wa mwani tunakwenda bamvua, siku maji yanapokupwa na kujaa sana, na bamvua huku maji yanakupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, sasa fikirieni maji ya magotini yamesimama yanapigwa na jua kuanzia hapo mpaka saa 6 na zaidi yanapoanza kujaa, ukiingiza mkono ni maji ya kuogea maiti. Mwani haukubali hayo. Unaanza kuwa mweupe kwenye vitawi, unalegea, ukishika taitai, vile vikamba vya kufungia, uufunge unakatika mkononi, na siku ya pili unakuta kamba tupu. Kuna aina mbili: kotonii ndio wa mwanzo kufa, ule wenye bei nzuri bila shaka, ule wa bei mbovu spinosamu ndio unaovumilia, ndo dunia hiyo.

Mama yangu ni katika walioanza mwani hapa Paje, mwaka 1989, anasema kotonii zamani alikuwa anaupanda hapa hapa karibu na kaskazi inapita na mwani upo. Skuhizi anayetaka kotonii lazima afuate kina kirefu karibu na mkondo ambapo maji yanatembea, na huko bila ngarawa na bila kujua kuogelea hufiki, wengi wetu hatujui.

Upepo lakini tunao, hilo nakiri. Mchana ukikaa barazani Paje hulalamiki. Ukivuka Kitogani kuja Tunguu ndo unahisi mlango umefungwa.

nahodha_nungwi

Bint Paje umesema kweli kuhusu upepo na ndo nnalotaka kulitia mkazo kwa sababu naona watu wote wanatazama namba. Tazameni upepo! Kaskazi inaingia Disemba, Januari inavuma kweli kweli, huku Nungwi siku nyingine hatutoki, lakini joto la Januari linavumilika kwa sababu hewa inatembea. Ikifika mwisho wa Februari inaanza kulegea, asubuhi bahari shwari imelala kabisa, ndo tunaingia tangambili, upepo leo huku kesho kule na siku nyingine haupo hata wa kuzima kibiriti. Hapo ndo joto halikamatiki. Namba ya redio utakuta ni ile ile 33, lakini mtu wa Januari na mtu wa Machi si sawa.

Halafu kuna watu wanauliza kaskazi inatoka Arabuni na Arabuni jangwa, huu unyevu umetoka wapi. Umetoka baharini baba. Upepo ule umepita juu ya maji safari nzima, njia ile ile waliyokuja nayo majahazi ya Muscat na Bombay wakasubiri upepo wa kusi wapate kurudi. Ukifika hapa umeshakunywa maji ya kutosha.

mtu_wa_Konde

Pemba tupo jamani msitusahau. Mie nasoma 32 saa 8, kipimo kiko chini ya mfenesi upande ambao jua haligusi, na usiku kinashuka mpaka 23 na nusu, siku moja moja 23. Kwa hiyo ndugu wa Fuoni pole sana, uje ulale kwetu.

Lakini msiseme Pemba yote ni hivyo. Huku Konde tuna miti, tuna msitu wa Ngezi hapo jirani, mabonde yenye maji. Ukienda Micheweni, ambako si mbali kabisa, ni maweni, mawe yanawaka, udongo hauna, na hata kivuli cha kusimama ukisubiri gari unakitafuta. Shemeji yangu yuko huko na anasoma digrii mbili tatu juu yangu mchana, na visima vyao vya karibu na pwani vimeshaanza kukolea chumvi, chai ukiinywa unajua. Wakati ule ule sie tunalalamika manyunyu yametukuta na majamvi ya karafuu nje!

Miche ya karafuu ndo inayonitia wasiwasi. Mche wa mwaka mmoja ukiuacha bila kivuli kaskazi hii umekwisha, majani yanaanza kuungua ncha, yanakunjika, halafu ule ukavu unateremka na tawi. Mie nimeusimamishia kila mmoja makuti mawili upande wa kusini na wa magharibi na kumwagia jioni. Jirani yangu kaweka upande wa kaskazini, nikamuuliza kwa nini akasema si ndo kaskazi. Yakhe, kaskazi ni upepo, jua liko kwengine!

Mzee_wa_kibanda_cheupe

Mtu wa Konde umegusa jambo ambalo hata watu waliosoma wanalikosea, ahsante. Sisi tuko kusini ya mstari wa ikweta, Unguja nyuzi 6 na Pemba nyuzi 5. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita KUSINI yetu. Januari hata hiyo ukisimama saa 6 na nusu mchana utakuta kivuli chako kimeelekea kaskazini. Kwa hiyo ndugu wa Fuoni ukuta wako wa kaskazini ndio wenye kivuli mwezi huu, kipimajoto kipeleke huko, kiache ukuta kidogo, kizibie juu. Ukitaka kibanda cha bei rahisi nunua sahani nyeupe za plastiki, zitoboe katikati, zipachike juu ya nyengine ukiacha nafasi ya kidole kati yao na kipimo kikae ndani. Hakishindi cha mbao, ila kinakaribia.

Na dirisha la kufungua ni la kaskazini-mashariki, upepo uingie, na lazima uwe na la pili la kutokea, dirisha moja halifanyi kitu.

shangani_juu

Mji Mkongwe nipo. Nyumba ya mawe na chokaa, kuta unaweza kulala juu yake kwa unene. Mchana ndani 30 wakati barabarani watu wanakimbia kivuli, kila mtu akija kwangu anasema mashallah AC unayo? Hakuna AC. Lakini usiku hesabu inageuka, ukuta umekunywa jua mchana kutwa na baada ya isha unaanza kulirudisha, saa 6 usiku bado 30, haishuki mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Ukiweka mkono ukutani unahisi uvuguvugu. Wazee walijua, ndo maana walijenga juu kabisa mahala pa kulala wazi, sasa pale juu pamewekwa mabati na matangi ya maji na madishi.

fundi_bati_mwera

Ndo nnachosema. Bati linawaka haraka na linapoa haraka, mawe yanachelewa kuwaka yanachelewa kupoa. Ndugu wa Fuoni bati lako saa 2 usiku limeshapoa, tatizo lako ni matofali ya saruji na hewa iliyokwama chini ya bati. Kabla ya dari toboa matundu ya hewa juu ya ukuta chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, utie wavu wa mbu. Siku moja ya kazi. Na hizo nyumba za Fuoni mmezibana, mmekata miembe yote mkamimina zege mpaka mlangoni, kisha mnamuuliza redio kwa nini hasemi 37 😂

Mkaazi_wa_Fuoni

Ahsanteni wallahi. Nimekihamishia ukuta wa kaskazini kwenye sahani za plastiki alizosema mzee na mchana huu saa 8 kikavu kimesoma 32 na nusu, kibichi 27. Mwanangu ndo aliyepepea, kachoka kabla ya dakika 5 hazijafika. Fundi, matundu nitakuita, ila bei ya jirani tafadhali.

Bado hamjanijibu lini litapungua.

mmakunduchi

Lini? Waulize wazee wanaohesabu miongo. Kwetu mwaka unaanza Julai, siku ya mwaka kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, zinahesabiwa siku kumi kumi mpaka mwaka wa siku 365 uishe, mkulima anajua mwongo gani atafyeka na mwongo gani atie mbegu, na mvuvi vivyo hivyo. Ukihesabu hivyo miongo ya 230 na 240 inaangukia Machi, na hapo ndo mbingu inaanza kubadilika. Hayo yote yalijulikana kabla ya hizo simu zenu.

nahodha_nungwi

Miongo naiheshimu, baba yangu kaifuata mpaka anakufa. Ila siku hizi mvua haisomi miongo. Mwaka 2023 vuli ilikuja na El Niño ikamwaga mpaka Januari, ungemwambia nani kuwa huo ni mwongo wa jua kali?

mmakunduchi

Mwongo unakwambia wakati, haukwambii kiasi. Hata mamlaka ya hali ya hewa, TMA, hawakwambii mvua itanyesha siku gani saa ngapi mwezi mzima mbele.

Mzee_wa_kibanda_cheupe

Msigombane, mnakwenda kisima kimoja. Mwanzoni mwa Machi, tarehe 4 au 5 kwa Unguja, Pemba siku mbili tatu baadaye, jua linapita juu ya utosi wetu sawasawa. Simika mti wima uwani, utazame kiasi cha saa 6 na dakika 35 mchana, utauona kivuli kimejiingiza chini ya mti wenyewe. Watoto mtawafurahisha. Mkanda wa mvua unalifuata jua kwa nyuma, kwa hiyo jua likishapita utosi likielekea kaskazini mkanda nao unapanda kutoka kusini, mawingu yanazidi mchana, joto la juu linaanza kukatwa kabla hata ya mvua yenyewe. Kati ya utosi na mawingu kuna hizo wiki mbili tatu za tangambili alizozitaja nahodha na hizo ndizo mbaya zaidi ya zote, sitokudanganya. Aprili kusi inashika, mvua zinakuwa nyingi, na Juni mpaka Agosti kipupwe utatafuta shuka.

Utabiri wa masika wa TMA hutoka kabla ya msimu kuanza, usomeni kwa Unguja na Pemba, msichukue wa Dodoma maana wao mvua yao ni msimu mmoja tu, sie tuna vuli na masika.

Kwa Ramadhani, mwenye kazi za jua azimalize kabla ya saa 4 asubuhi, na baina ya futari na daku maji yanywewe kidogo kidogo, kuyamimina yote wakati wa daku yanatoka tu. Mtu akianza kuchanganyikiwa, ngozi ya moto na hajielewi, hiyo si uchovu wa saumu, mmwagieni maji juu ya mwili, mpepeeni, na hospitali haraka.

mtu_wa_Konde

Mzee tukubaliane basi. Kila mtu asome saa 9 mchana, kikavu na kibichi, aandike na upepo unatoka wapi, aweke hapa. Mie nitamshughulisha shemeji wa Micheweni, nimnunulie vipimajoto Wete.

BintiPaje

Saa 9 nipo, hata siku za bamvua nakuwa nishatoka baharini. Ila cha kwangu kimoja nitakitia kwenye maji saa 6 mchana kabla hayajajaa, tuone nani ana namba kubwa.

shangani_juu

Mie naweka na ya saa 6 usiku, maana mchana nitaonekana ninaringa.

Mkaazi_wa_Fuoni

Sawa, naanza kesho. Fundi, umeniona nimeandika bei ya jirani?

fundi_bati_mwera

Nimeona. Nunua wavu kwanza.